Bibi Nakuunganisha na Swali Lake la Kila Asubuhi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Nakuunganisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwenye mlango wa mwisho karibu na bomba la maji la jumuiya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mama aliyefua nguo za watu. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake, fundi cherehani ambaye ukoo mzima humwita Mama Mdogo, na ambaye leo ameketi hapa mstari wa mbele. Hadithi ya maisha ya marehemu haiwezi kusimuliwa bila yeye, kwa hiyo Mama Mdogo atuwie radhi tukimtajataja.

Nyumba zile zilikuwa na choo cha nje, nyuma kabisa, kupita kamba za nguo. Mama Mdogo alikiogopa choo kile kama watu wengine wanavyoogopa simba. Haendi mpaka dada yake amsindikize, na akishaingia lazima awe na uhakika kwamba hajaachwa. Basi sauti ilitoka ndani, "Dada, upo?" Na dada, aliyesimama nje akitafuna muwa, akajibu, "Nipo." Haipiti hata dakika, "Dada, upo?" "Nipo, bwana, harakisha!" Majirani walizoea. Mama yao alisema kwa watoto wale wawili hakuna aliyehitaji saa, maana kila asubuhi mtaa uliamshwa na maswali na majibu ya chooni. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza jambo hili lisomwe leo, tena mbele ya wakwe. Alisema mtu asiyejua habari ya choo kile hawezi kuelewa lolote kuhusu mtandao.

Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha akaingia sekondari ya wasichana iliyokuwa ng'ambo ya pili ya mji, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hesabu aliziweza, kushona hakukuweza kabisa. Aproni aliyoishona kwa ajili ya mtihani wa maarifa ya nyumbani haikuwa na mahali pa kupitisha kichwa. Mama Mdogo, wakati huo bado yuko shule ya msingi, ndiye aliyeifumua na kuishona upya, na mwalimu akatoa alama nzuri bila kujua anampa nani. Tangu hapo walielewana kwamba sindano ni ya mdogo na maneno ni ya mkubwa.

Mwaka 1970 aliajiriwa posta, katika chumba cha kuunganishia simu. Vijana wa leo hawajakiona hata kwenye picha. Kilikuwa chumba kirefu chenye feni moja, ukutani kuna ubao wenye matundu mamia, na mbele ya ubao wameketi akina dada waliovaa visikilizio. Taa ndogo ikiwaka ujue kuna mtu anataka kuzungumza. Opereta anachomeka waya kwenye tundu lake, anauliza anamtaka nani, kisha anachomeka ncha ya pili kwenye tundu la anayetakiwa. Kabla ya kuchomeka, marehemu alisema neno moja lilelile, kwa sauti ileile tamu, "Subiri, nakuunganisha." Jina likamganda hapo. Hata padri na shehe walimwita hivyo.

Ndoa yake nayo ilitoka kwenye ubao ule. Kaka mkubwa wa msomaji wa wasifu huu alikuwa karani wa maghala ya nafaka, kijana mkimya wa kupindukia, mtu wa kumsalimu leo akakujibu kesho. Ghafla kijana huyo akaanza kupiga simu. Aliomba kuunganishwa na duka la vipuri, akaomba bohari ya mbao, akaomba namba ambazo hazikuwepo duniani. Mwisho opereta akamwuliza, "Kaka, hivi wewe unamtafuta nani hasa?" Kijana akasema, "Nimeshampata." Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu, na katika miaka yote hiyo kaka hakuwahi tena kusema sentensi nzuri kama ile. Shemeji wa marehemu, yaani anayewasomea, alimtania mara nyingi kwamba aliolewa na waya. Naye alijibu kwamba waya huo ulikuwa bora kuliko shemeji wote.

Mitambo mipya ilipokuja, ubao ule ulibomolewa na akina dada wakatawanyika. Wengine walilia. Marehemu aliomba kupelekwa kwenye chumba cha kompyuta, ambako walikuwa wanaume watupu na baridi ya kiyoyozi. Alijifunza kuvuta nyaya juu ya dari, kubana vichwa vya nyaya kwa koleo, kuipa kila kompyuta anwani yake ili barua ya huyu isiende kwa yule. Alisema kazi haikubadilika ila mikono tu. Zamani aliunganisha mtu na mtu kwa waya mmoja, na waya ukishachukuliwa hakuna mwingine wa kupita. Sasa watu wote walipita njia moja kwa wakati mmoja, kila ujumbe ukiwa umekatwakatwa vipande na kuandikwa unakokwenda. Ofisi ikilalamika kwamba mtandao umekufa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Imechomekwa?" Wakubwa walichukia swali hilo. Lakini siku moja idara nzima ilikaa bila kazi hadi alasiri, na chanzo kilikuwa birika la umeme la mkurugenzi, ambalo lilichomekwa mahali pa ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao.

Alistaafu mwaka 2006, akapumzika kama wiki moja hivi, kisha akaanzisha darasa sebuleni kwake. Wanafunzi walikuwa wastaafu wenzake, akina mama wa mtaani, na Mama Mdogo, ambaye alikuja kwanza kwa ajili ya chai na baadaye akawa hodari. Hapo ndipo wengi wenu mliopo hapa mlipojifunza. Aliwafundisha kwamba intaneti haiko mawinguni, imelala ardhini na chini ya bahari, ni nyaya zilizoshikana mikono dunia nzima, na hewani ni ile hatua ya mwisho tu kutoka mnarani hadi mkononi mwako. Aliwafundisha kwamba neno la siri lenye jina la mtoto wako wa kwanza si siri, maana mtaa mzima ulikuja kumwona alipozaliwa. Mtu akileta simu yenye ujumbe wa kumpongeza kwa kushinda gari, alimwuliza, "Bahati nasibu ulicheza?" "Sikucheza." "Basi umeshindaje?" Darasa likacheka, na mshindi akafuta ujumbe.

Somo lililokumbukwa kuliko yote lilikuwa la picha. Alichukua picha kubwa ya mumewe, akaikata vipande, akaviandika namba nyuma. Vipande vingine vikapitishwa kwa walioketi kwenye sofa, vingine vikazungushwa jikoni, vingine vikatoka mlango wa mbele na kurudi kwa dirisha. Mwisho wa sebule alikaa mwanafunzi wa kuvipokea na kuvipanga kwa namba, haijalishi kipi kimetangulia. Siku hiyo mzee akatokea mzima, ila hana pua. Nesi mmoja mstaafu alikuwa ameikalia. Mpokeaji akasema waanze upya, picha yote irudi ipitishwe tena. Marehemu akagonga meza. "Hapana! Huombi picha nzima. Unaomba kipande kilichokosekana, basi." Nesi akainuka, pua ikapatikana, na mwenye pua, aliyekuwa akisoma gazeti barazani, akaulizwa kama imeumia.

Mwaka 2014 aliunda kundi la simu la familia, akaliita Ukoo Mzima. Kila asubuhi, akishakunywa chai, aliandika neno moja, "Mpo?" Na kila mtu, awe kazini, safarini au kitandani na mafua, alitakiwa kujibu, "Nipo." Alisema hata mashine hufanya hivyo, moja humtumia mwenzake swali dogo na kungoja jibu dogo, ili ijulikane njia ingali hai. Wako waliomwona msumbufu. Wakanyamaza siku mjomba alipokosa kujibu, akafuatwa, akakutwa ameanguka bafuni na mguu umevunjika. Mjomba yuko hapa leo na fimbo yake, na tangu hapo hujibu kabla hajaulizwa.

Sasa tumefika mahali ambapo marehemu alikosea, na yeye mwenyewe alikataza tuparuke. Mwaka 2019 binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Gauni lilishonwa na Mama Mdogo, kama magauni yote ya ukoo huu. Lilipoletwa, bega moja lilikuwa juu na jingine chini. Marehemu akaingia chumbani, akachukua simu, akamrekodia mumewe ujumbe wa sauti: "Baba, huyu mdogo wangu macho yamemwisha. Gauni limekaa kama gunia la mkaa. Usiseme kitu, tutamtafutia mtoto lingine kimyakimya." Akatuma. Mwanamke aliyewafundisha watu nusu ya mji huu kusoma jina lililo juu kabla ya kugusa kitufe, hakusoma jina lililo juu. Ujumbe ulikwenda Ukoo Mzima.

Alipogundua, akaufuta haraka. Lakini aliugusa ufutwe kwake, si kwa wote. Kwenye simu yake ukatoweka. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaenda kupika chai. Huku nyuma ukoo wote unausikiliza, mara ya pili na ya tatu, na shemeji mmoja wa mbali ameshaweka kicheko. Chai haijachemka, simu ikaonyesha kwamba Mama Mdogo ametoka kwenye kundi.

Jambo lililouma ni kwamba marehemu alikuwa amesema kweli. Mama Mdogo alikuwa anapoteza macho, na hakuwa amemwambia mtu. Kwa fundi cherehani macho ndiyo riziki, ndiyo heshima, ndiyo sababu ya watu kukufuata. Siri aliyoibeba peke yake akaisikia ikitangazwa na dada yake, tena ikilinganishwa na gunia.

Marehemu alimwendea, na si mara moja. Kila alipokwenda alipokelewa vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mama Mdogo alifuta kiti, akaleta chai kwenye vikombe vya wageni, akasema, "Karibu." Dada hukaribishwa kwa vikombe vya wageni tangu lini? Marehemu alieleza jinsi majina mawili yalivyofuatana kwenye simu, jinsi vitufe viwili vya kufutia vinavyofanana, jinsi hata wataalamu hukosea. Mama Mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sina neno, dada." Na kweli hakuwa na neno. Zaidi ya miaka minne hakuwa na neno.

Kila asubuhi, baada ya kuwauliza Ukoo Mzima, marehemu aliandika ujumbe wa pili kwa Mama Mdogo peke yake, "Upo?" Tiki mbili zilitokea, maana yake umefika. Jibu halikutokea. Watoto wake walimwambia aache kujidhalilisha. Aliwajibu, "Angetaka, angenizuia. Kuzuia nilimfundisha mwenyewe, anajua. Na simu yake kila asubuhi ina chaji. Njia iko wazi, ila anayejibu bado hajawa tayari." Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini mumewe alimwona akiutazama ujumbe ule hadi chai inapoa.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alilazwa hospitali, akapewa dawa, akarudi nyumbani na miguu iliyovimba na amri ya kutopanda ngazi. Hofu yake haikuwa kufa. Alimwambia mumewe kwamba anaogopa kuondoka swali lake halijajibiwa. Siku moja alikuwa amekaa kitandani akimrekodia Mama Mdogo maelezo mengine ya kitufe. Mzee akashusha gazeti lake. Kama mlivyosikia, hana kawaida ya kusema.

"Mama, kila siku unamtumia picha nzima," alisema. "Kitufe ameshakielewa. Kuna kipande hakijafika."

"Kipi?"

"Umeomba radhi kwa kukosea mahali pa kutuma. Kwa kumsema, hujaomba."

Shemeji anayewasomea alikuwepo sebuleni siku hiyo na mlango ulikuwa wazi. Marehemu akafuta alichokuwa ameanza kurekodi, akafungua Ukoo Mzima, na safari hii akalisoma jina lililo juu kwa sauti, kama mwanafunzi. Ndipo akasema maneno haya, ambayo wengi wenu bado mnayo kwenye simu zenu:

"Ukoo Mzima, mliosikia lile, sikieni na hili. Nilimsema mdogo wangu nyuma ya mgongo wake. Kitufe hakina kosa, kosa ni mdomo wangu. Hata ujumbe ule ungekwenda kwa mume wangu peke yake, bado ningekuwa nimemkosea. Kama macho yanamsumbua, mimi ndiye niliyepaswa kwenda kumshika mkono. Mdogo wangu, nisamehe. Na kama utakubali, nishonee gauni. La mwisho hilo. Likikaa vyovyote nitalivaa."

Ila Mama Mdogo hakuwa kwenye kundi. Mpwa mmoja akasema, "Shangazi, ametoka, hatausikia." Marehemu akamjibu, "Njia hukosekana moja, si zote." Akazima simu, akalala. Ukoo huu una kasoro nyingi, lakini kupitisha habari tunajua. Mjomba wa fimbo alimtumia Mama Mdogo. Binti wa gauni la harusi alimtumia. Yule shemeji wa mbali aliyecheka alimtumia, na chini yake akaomba msamaha wake mwenyewe. Nesi wa pua alikwenda kwa miguu, akamwekea sikioni. Mama Mdogo anasema simu ililia asubuhi nzima hadi akadhani kuna aliyefariki.

Hakujibu kwa simu. Alikuja. Alisimama mlangoni mwa chumba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema, "Simama nikupime."

"Nisimame vipi na miguu hii?"

"Basi kaa. Inua mikono." Akapima, akapima tena. "Dada, umekonda."

"Ndiyo maana naomba usilibane."

"Sioni tundu la sindano. Ulisema kweli."

"Kweli ningekuambia wewe, mdogo wangu, si kuwaambia watu."

Hapo wakalia wote wawili, na mzee akaondoka na gazeti lake. Lakini hakwenda mbali, kwa sababu aliitwa. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano, kazi aliyoifanya kimya na kwa furaha isiyofichika. Mama Mdogo alihamia chumba kile na cherehani yake. Alirudishwa Ukoo Mzima, na asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyetangulia kujibu, "Nipo." Vitanda vyao vilikuwa vimeachana hatua mbili, lakini marehemu hakuacha kumwuliza kwa simu, na Mama Mdogo hakuacha kumjibu kwa simu, wakitazamana na kucheka. Miezi hiyo ilikuwa ya raha. Tunasema hivyo bila kuogopa, maana tuliiona.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, chai ililetwa na swali halikuja. Mama Mdogo aliita kutoka kitandani kwake, "Dada, upo?" Aliita tena. Kisha akainuka, akamfunika vizuri, akamshika mkono. Baadaye ndipo ukoo ulipopata ujumbe kutoka simu tofauti na iliyozoeleka: "Mpo? Dada amepumzika." Mjomba akaandika, "Nipo." Halafu mwingine, halafu mwingine, hadi wote tukajibu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mjomba mmoja asiyekosa kujibu, shemeji mmoja mtani ambaye leo hana wa kumtania, wanafunzi wasiohesabika, na mdogo wake.

Gauni alilovaa leo ni lile. Mliopita kumuaga mmeliona. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia kidogo. Binti yake alitaka kuurekebisha, na marehemu, akiwa bado na nguvu za kugombeza, alisema, "Atakayeligusa gauni langu hatanizika." Halikuguswa.

Bibi Nakuunganisha apumzike kwa amani, kazi yake imefika. Kesho asubuhi simu zenu zitalia, na atakayeuliza ni Mama Mdogo. Macho yake hayasomi tena vizuri, kwa hiyo msiandike. Mjibuni kwa sauti.